Kutu ya majani ya kahawa imerudi mwaka wa tatu: nikate kivuli, nibadili mbegu au nipige dawa?

#1 MamaKihamba

Wanajamvi, habari za jioni.

Nina kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu baba mkwe upande wa Kibosho, Kilimanjaro, mibuni 340 hivi, mingi ikiwa ile ya zamani waliyopanda wazee kabla sijaolewa. Huu ni mwaka wa tatu kutu ya majani inanisumbua. Huanza na vidoa vya njano juu ya jani, ukadhani ni njaa ya mbolea. Geuza jani sasa: chini kuna unga wa rangi ya chungwa, ukiugusa unabaki kidoleni kama binzari. Wiki chache baadaye majani yanapukutika, tawi linabaki uchi huku buni bado mbichi.

Jirani yangu amekata mringaringa wake wote na nusu ya migomba. Anasema kivuli ndicho kinachofuga ugonjwa kwa kuwa majani hayakauki. Sasa anataka na mimi nikate, eti shamba langu linamwambukiza. Nina mringaringa mmoja pale kati umenizidi umri. Sitaki niuangushe halafu mwakani nikute unga uleule.

Wenye uzoefu nisaidieni. Ni kivuli kweli?

#2 Mzee_Rombo

Mama, weka shoka chini kwanza.

Kahawa na migomba vimekaa pamoja mlimani tangu kwa babu zetu. Nikiwa kijana kivuli kilikuwa kizito kuliko cha leo, na kutu tulikuwa tunaisikia kwa watu wa chini, kule tambarare kwenye joto. Huku juu ugonjwa wetu ulikuwa chulebuni, ule unaoshambulia buni zenyewe. Mimi nasema ni joto. Mwezi wa saba nilikuwa nalala na mablanketi mawili, siku hizi moja linatosha na dirisha nafungua. Kama mimi nimeuhisi usiku umebadilika, kuvu nacho kimehisi.

#3 Mbozi_Juu

Naunga mkono usikate. Sisi Mbozi mashamba mengi ni ya jua, kivuli hakuna, na kutu tunayo. Jirani yako aje huku aone.

#4 KijanaKarithi

Nachukua nafasi hapa, uzi unanihusu. Nina swali: nimerithi shamba mwaka jana, na mjomba amenikataza kupogolea kwa msumeno wenye kutu, anasema ndio unaopeleka kutu kwenye majani. Kuna ukweli?

#5 BwanaShambaMstaafu

@KijanaKarithi umefanya vizuri kuuliza, wengi wanaamini hivyo. Hapana. Kutu ya chuma na kutu ya jani zimefanana rangi tu. Hii ya kahawa ni kuvu, kitaalamu Hemileia vastatrix. Hakiishi kwenye chuma wala hakijengi kwenye udongo, chakula chake ni jani bichi la mbuni. Msumeno usafishe kwa sababu nyingine: mnyauko fuzari, ule unaoua kahawa ya robusta, husafiri kwa panga na misumeno.

@MamaKihamba, nimekuwa ugani miaka mingi, nikueleze kinavyoingia, halafu utapima mwenyewe maneno ya jirani.

Unga ule wa chungwa ni spora, yaani mbegu za kuvu. Upepo unazibeba, matone ya mvua yanazirusha, hata shati la mchumaji linazihamisha. Spora ikitua kwenye jani haifanyi kitu mpaka ipate maji yenyewe, tone kabisa. Unyevu wa hewani hautoshi. Jani likilala limelowa, na joto likawa kwenye nyuzi 21 mpaka 25, inachipua usiku na kupenya kwenye vile vitundu vya jani vya kupumulia. Na kwa mbuni vitundu hivyo viko upande wa chini. Kwa hiyo anayepita na bomba akinyunyizia juu ya majani kama anamwagilia mchicha, hela yake imeenda.

Ikishaingia hutaona kitu kwa wiki tatu, tano, na kukiwa na baridi hata zaidi. Unga unaouona leo ni habari ya mwezi uliopita. Doa moja likikomaa linaweza kutoa spora laki 3 mpaka 4 katika miezi 3 hadi 5. Zidisha kwa madoa ya jani moja, kisha kwa mibuni 340.

Kwa hiyo jirani hajakosea kila kitu. Kivuli kizito huchelewesha jani kukauka asubuhi. Ila kukata mti mzima ni jambo jingine, maana kivuli hufanya mengi kwa mbuni, na mengine yanakwenda kinyume cha hilo. Mimi kwanza ningekuuliza: hiyo mibuni ya wazee ni mbegu ya N39 au KP423? Zote mbili zilichaguliwa kituo cha utafiti cha Lyamungu zamani, ladha nzuri, ila kutu inazipata na chulebuni inazipata.

#6 MamaKihamba

Shukrani Bwana Shamba. Baba mkwe alikuwa akisema tu "ya Lyamungu". Nadhani ni N39.

#7 Kirinyaga_Juu

Hamjambo majirani. Hapa Kirinyaga, Kenya, tulishamaliza huu mjadala. Mbegu ndiyo dawa. SL28 yetu ina kikombe kitamu kuliko kahawa yoyote, lakini kutu inaipenda vibaya. Ruiru 11 ilitoka 1985, Batian ikatoka 2010, zote zinahimili kutu na chulebuni. Mimi sikung'oa hata mti mmoja: nilikata SL28 kisiki, nikapandikiza Batian juu ya mizizi ya zamani. Mizizi ya mzee, kichwa cha kijana. Mwaka wa tatu nilikuwa navuna.

#8 Monduli_Chini

@Kirinyaga_Juu karibu sana, lakini hiyo "SL28 yetu" tuiongee vizuri. Asili yake ni mibuni iliyoonekana Monduli mwaka 1931, ikivumilia ukame kuliko wenzake. Mbegu zikapelekwa maabara ya Scott pale Kabete, ndiyo hiyo SL. Mtoto amesomea kwenu, amezaliwa kwetu.

#9 Kirinyaga_Juu

@Monduli_Chini haya, tumepokea. Mtoto aliyesomeshwa vizuri akirudi nyumbani na digrii, wazazi wote wawili wanakaa meza ya mbele.

#10 Omwana_wa_Kagera

Mnasumbuka kwa sababu mmeng'ang'ania arabika. Huku Kagera robusta inakaa kibanjani na migomba, kivuli tele, mvua ya ziwa tele, na kutu haitunyimi usingizi. Ukiona madoa ni machache na mti hauvui majani. Bibi yangu ana mibuni ambayo hajui nani aliipanda, na bado anachuma zile za kuchemsha na majani ya kunukia kwa ajili ya kutafuna. Mgeni hawezi kuondoka bila kupewa punje kiganjani.

#11 MsafiriMtandaoni

Nilisoma mahali kwamba huu ugonjwa ulitoka Brazili, ukaletwa Afrika na mbegu za msaada. Ndiyo maana wazee wanasema zamani haukuwepo.

#12 MwalimuHistoria

@MsafiriMtandaoni hapana, safari ilikuwa kinyume. Brazili iliukuta mwaka 1970, jimbo la Bahia. Wa kwanza kuandika habari zake alikuwa msafiri Mwingereza aliyeiona kwenye kahawa ya porini, maeneo ya Ziwa Viktoria, mwaka 1861. Yaani karibu na nyumbani kwa huyu @Omwana_wa_Kagera hapo juu. Kuvu na robusta vimeishi jirani muda mrefu, ndiyo maana mmoja hamuui mwenzake haraka.

Jina limetoka 1869, kwa majani yaliyotumwa Uingereza kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Mchungaji Berkeley, bingwa wa kuvu wa zama zile, alitazama spora kwenye hadubini akaona mgongo wake una miiba na tumbo lake ni laini. Hemi ni nusu, leios ni laini. Vastatrix ni Kilatini, mharibifu. Na kweli iliharibu. Ceylon ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani; ndani ya miaka ishirini hivi kahawa ile ikawa imekwisha, wakulima wakahamia chai.

Wakati wa vita hiyo na kutu alipelekwa Ceylon kijana mmoja, Harry Marshall Ward, mwaka 1880. Alitega vioo vilivyopakwa gliserini shambani ili kunasa spora zinazopeperuka, akathibitisha kwamba ugonjwa unasafiri hewani. Akawaambia wenye mashamba kwamba kupanda mibuni mfululizo kilima hadi kilima, pasipo miti ya kukatiza upepo, ni kuufungulia mlango. @MamaKihamba, hilo mwambie jirani yako kabla hajamaliza mringaringa wake.

#13 MsafiriMtandaoni

Asante Mwalimu, nimesahihishwa. Kumbe ndiyo maana Waingereza wanakunywa chai, kahawa yao ilikufa.

#14 MwalimuHistoria

Hiyo nayo inasemwa sana na si sahihi. Walikuwa wanywaji wakubwa wa chai ya China miaka zaidi ya mia kabla ya kutu kufika Ceylon. Kutu ilibadilisha chai ilikolimwa. Mnywaji alikuwa na kikombe chake tayari.

#15 Mpwani_wa_Pangani

Nasoma kimya na kikombe changu cha kahawa chungu na kashata. Miaka yote nanunua kwa muuza kahawa wa pale gengeni, sijawahi kuwaza kuwa jani la huo mti linaumwa na kuna mama anakosa usingizi kwa ajili yake. Mola awasahilishie. Je, ugonjwa wa jani unabadilisha ladha?

#16 BwanaShambaMstaafu

@Mpwani_wa_Pangani kuvu hakigusi buni, kinagusa jani. Lakini jani ndilo jiko. Likidondoka mapema buni zinaiva kwa njaa, zinakuwa nyepesi, nyingine tupu ndani. Na pigo kubwa halionekani mwaka huohuo. Matawi yaliyovuliwa majani leo ndiyo yangezaa mwakani. Yanakauka kutoka ncha kurudi nyuma. Mkulima anahesabu hasara ya mwaka ujao akidhani ni balaa jipya.

#17 DadaLishe_Moshi

Samahani natoka kidogo nje ya mada. Nimepanda maharage katikati ya kahawa, nayo yana unga wa kahawia chini ya majani. Yameambukizwa na mibuni? Niyang'oe?

#18 DaktariWaMimea

@DadaLishe_Moshi hapana. Hiyo ni kutu ya maharage, kuvu kingine kabisa, Uromyces. Kutu zina mlango wake kila moja: ya maharage haiwezi mbuni, ya mbuni haiwezi maharage. Ile ya shina la ngano iliyotikisa dunia baada ya kuonekana Uganda mwaka 1998, watu wakaiita Ug99, nayo ni ukoo mwingine, Puccinia.

Kwa wapenzi wa mafumbo: kutu ya ngano ina mimea miwili, maisha yake nusu anayaishi kwenye ngano na nusu kwenye kichaka cha zereshki. Kutu ya kahawa, watu wametafuta mmea wake wa pili kwa zaidi ya miaka mia na hawajaupata. Ina spora za aina nyingine ambazo zikichipua haziwezi kuambukiza mbuni. Zinakwenda wapi? Wengine wanasema mmea wa pili upo msituni humu Afrika haujatambuliwa, wengine wanasema ulishatoweka au haujapata kuwepo. Mimi naamini upo, ila imani si ushahidi.

#19 BintiMbinga

Naomba turudi kwenye kivuli, maana mama aliuliza hilo tukaenda hadi Ceylon.

Nimekua kwenye kahawa, kwetu Umatengo, baba ana mashamba ya ngoro, yale ya vishimo kwenye miteremko, na kahawa juu ya nyumba. Nilichokiona miaka yote: kutu inapiga mti uliozaa sana. Mwaka wa mavuno makubwa, mti umejaa hadi matawi yanainama, huo ndio unaovuliwa majani. Mwaka unaofuata umezaa kidogo, majani yanashika na kutu ni kidogo. Baba anasema mti uliobeba watoto wengi hauna nguvu ya kupigana.

Nikaja kukuta watafiti wa Costa Rica walilipima hilohilo. Waliondoa buni ili mibuni ya kivulini na ya juani ibebe mzigo sawa. Mzigo ulipokuwa sawa, kivulini kulikuwa na kutu zaidi. Jirani wa mama ana hoja hapo. Lakini shambani mzigo hauwi sawa! Mti wa juani huzaa zaidi, na kuzaa huko kunauita ugonjwa. Kwa hiyo kivuli kinalowesha jani kwa mkono mmoja na kupunguza mzigo kwa mkono wa pili. Mkono upi unashinda inategemea shamba, mvua na mbolea.

@MamaKihamba, tangu ugonjwa uanze, ni mwaka gani ulivuna sana?

#20 MamaKihamba

@BintiMbinga umenigusa penyewe. Mwaka juzi tulivuna kuliko miaka yote niliyokaa hapa, tulikosa hadi vikapu. Na samadi sikuweka, ng'ombe tulikuwa tumeuza kwa ajili ya ada. Mwaka uliofuata ndio matawi yalikauka.

#21 Mzee_Rombo

Basi njaa imeongezea. Ila mimi bado niko kwenye joto. Kuna utafiti ulitoka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania, ulikuta kila nyuzi 1 ya joto la usiku ikipanda, mavuno yanashuka kilo 137 kwa hekta. Mjukuu wangu ndiye aliyenisomea. Usiku, si mchana. Ndilo lilelile la blanketi.

#22 DaktariWaMimea

@Mzee_Rombo utafiti huo upo, ila uwe mwangalifu: ulipima mavuno, haukupima kutu. Usiku wenye joto unaweza kupunguza mavuno bila kuvu hata kimoja. Linalokuunga mkono zaidi ni Amerika ya Kati mwaka 2012 na 2013, kutu ilipopanda hadi mashamba ya juu ambako haikuwa tatizo, nchi zikatangaza hali ya dharura. Waliochunguza walisema tofauti ya joto la mchana na usiku ilipungua, kuvu kikakomaa haraka ndani ya jani.

Lakini haohao walitaja jambo la pili: bei ya kahawa ilishuka, mbolea ikapanda, watu wakaacha kupogolea na kupiga dawa.

#23 Chama_cha_Msingi

Hapo kwenye bei ndipo ninapotaka. Nimekuwa katibu wa ushirika wa kijiji, sitautaja. Bei ikianguka misimu miwili, nenda vihambani: machipukizi sita juu ya kisiki kimoja, matawi yamefungamana, hewa haipiti, jua haliingii. Vijana wameenda kwenye bodaboda, wazee hawawezi kupanda mti. Halafu tunakaa kwenye mkutano tunailaumu hali ya hewa. Kwangu mimi kutu inafuata shamba lililokatiwa tamaa. Acha mashina mawili au matatu kwa kila mbuni, fungua katikati, na utaona jani linakauka kabla ya saa tatu asubuhi hata chini ya mgomba.

#24 Mzee_Rombo

@Chama_cha_Msingi shamba langu napogolea mwenyewe nikiwa na miaka 71, na kutu ninayo. Tafuta sababu nyingine.

#25 Chama_cha_Msingi

Shikamoo mzee. Nimerudi nyuma hatua moja, lakini hatua moja tu.

#26 FundiBomba

Mimi napiga dawa kwa kazi, nakodishwa. Wengi mnapiga mkiona unga. Mmechelewa. Kopa, yaani dawa ya shaba, ni kinga, inakaa juu ya jani na kuzuia spora isichipue. Ikishaingia ndani kopa haimfuati. Anza kabla mvua hazijakolea, rudia kila wiki tatu hivi, na geuza mdomo wa bomba uangalie juu ili dawa ifike chini ya jani. Zipo za kupenya ndani ya jani pia, ni ghali, na soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Na dawa feki zipo. Msimu mmoja nilinunua pakiti nne kwenye duka moja mjini, rangi ilikuwa ya samawati vizuri, nikapigia mashamba ya watu watatu. Baada ya mwezi wote watatu wana unga. Nilirudisha hela za kazi yangu kwa wote, iliniuma sana. Tangu hapo nanunua pakiti moja, namimina kidogo kwenye kikombe cheupe naangalia inavyotuama.

#27 BwanaShambaMstaafu

@FundiBomba umesema kweli kuhusu kugeuza mdomo wa bomba. Nyongeza: shaba ina tabia ya ajabu, hata shamba lisilo na kutu likipigwa majani hushika muda mrefu zaidi. Wakulima wanaona mti umenawiri wanasema "dawa imeua ugonjwa", kumbe ugonjwa ulikuwa mdogo. Hii imewadanganya wengi, na sisi maofisa pia. Vilevile shaba haiozi. Miaka thelathini ya kupiga inabaki kwenye udongo wa juu, palepale mizizi ya mbuni na minyoo ilipo.

Wazee walikuwa wanachanganya wenyewe mrututu na chokaa. Mchanganyiko huo uligunduliwa kwa zabibu za Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885. Kwa Ceylon ulichelewa, kahawa ilikuwa imeshakufa.

#28 Sisimizi_Rafiki

Kabla hamjapiga dawa, nendeni na miwani shambani. Kwenye unga wa chungwa mtakuta pengine kuna ukungu mweupe umeufunika, kama pamba iliyochambuliwa. Huo mweupe ni kuvu kingine kinachokula kutu. Nimekiona kwangu Arumeru, na kuna watafiti waliokifuatilia miaka mingi kule Chiapas, Mexico, kwenye shamba lenye kivuli. Walichokuta ni kama hadithi: sisimizi wa mitini wanafuga vidugamba vya kijani, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwenye mibuni, wanawalinda kwa sababu ya utamu wao. Kuvu cheupe kinashambulia vidugamba, kikizidi pale kinahamia kwenye kutu ya mibuni ya jirani. Sisimizi wanakaa kwenye miti ya kivuli. Ukikata mti, sisimizi wamekwenda na mlinzi wako amekwenda. Na dawa ya kuvu haibagui, itaua cheupe pamoja na cha chungwa.

#29 Mbozi_Juu

@Sisimizi_Rafiki hao sisimizi wanauma wachumaji hadi wanakimbia na vikapu. Kwangu nimewafukuza.

#30 Sisimizi_Rafiki

Ndiyo maana una kutu.

#31 Mbozi_Juu

Na wewe unayewafuga, huna?

#32 Sisimizi_Rafiki

Ninayo. Ila majani yangu yanashika hadi mwezi wa tisa.

#33 BabuWaKaragwe

Nirudi kwa @Kirinyaga_Juu aliyesema mbegu ndiyo dawa na mjadala umekwisha. Mwanangu, haujaisha. Mwaka 1911 India walipata mbuni mmoja unaohimili kutu, wakauita Kent kwa jina la mwenye shamba. Ukasambazwa hadi huku Afrika Mashariki. KP423 ya Lyamungu ni ukoo huo. Uko wapi uhimili wake leo? Kuvu kilijifunza. Ruiru 11 na wenzake wamepata kinga yao kwa chotara wa Timor, kahawa iliyojizalia yenyewe kisiwani kule baina ya arabika na robusta. Kinga hiyo imekaa vizuri miaka mingi, lakini Honduras walikuwa na Lempira, ya ukoo huohuo wa Timor, na ndani ya muongo uliopita kutu ikaanza kuipiga. Ureno kuna kituo cha Oeiras tangu 1955, kilichoanzishwa kuchunguza kutu hii, na aina zake walizohesabu zimepita hamsini.

#34 Kirinyaga_Juu

@BabuWaKaragwe shikamoo. Sipingi. Lakini mimi nina watoto wawili sekondari mwaka huu, si mwaka ambao kuvu kitakuwa kimejifunza. Batian yangu haina unga leo. Kikianza kujifunza, nitapandikiza nyingine.

#35 BabuWaKaragwe

Marahaba. Hilo nalo ni jibu la mkulima, silipuuzi.

#36 KijanaKarithi

Nauliza tena: hizi chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, mtu anapata wapi miche? Na zinahitaji kivuli?

#37 Chama_cha_Msingi

Ulizia Lyamungu penyewe, au vikundi vya vitalu kijijini kwenu kupitia ofisi ya ugani. Usinunue mche wa barabarani usiojulikana. Kivuli chepesi zinakipenda, na chakula zinakula kuliko za zamani. Usipoweka samadi zitazaa mno miaka miwili ya mwanzo kisha zichoke.

#38 MamaKihamba

Wapendwa, nimerudi. Wiki mbili sijaingia humu, nilikuwa nafanya hesabu na mwanangu wa darasa la sita.

Tulichagua mibuni 10 chini ya ule mringaringa mkubwa na 10 upande wa jirani aliokata, ambako sasa jua linaingia tangu asubuhi. Kila mti matawi manne, majani yote, tukigeuza moja moja. Mwanangu anaandika, mimi nageuza. Chini ya mringaringa majani yenye doa ni mengi kuliko juani, hilo sikulitarajia. Lakini matawi yaliyobaki uchi ni ya upande wa jua, kivulini majani yana madoa na bado yameshika. Na buni: juani zimejaa, kivulini chache chache. @BintiMbinga nilikukumbuka.

@Sisimizi_Rafiki huo ukungu mweupe nimeuona! Chini ya mringaringa, majani kama saba hivi. Unga wa chungwa katikati umekuwa kama umekufa, wenye rangi ya vumbi, na ukingoni kuna weupe. Juani hatukuona hata mmoja.

Jirani nimempelekea daftari. Amelisoma lote, akaniambia madoa mengi yako kivulini kwa hiyo yeye ndiye mkweli. Nikamwonyesha matawi uchi ya upande wake. Tumenywa chai, hatukukubaliana. Amesema hatakata miti zaidi mpaka masika yapite.

Mimi nimepunguza matawi ya chini ya mringaringa ili upepo upite, na samadi nimekopa kwa shemeji.

#39 Mzee_Rombo

Hongera mama. Mpe mtoto zawadi, amefanya kazi ya bwana shamba.

#40 MamaKihamba

Asante baba. Kuna moja limenitia wasiwasi. Nina miche mitano ya chotara niliyopewa miaka minne iliyopita, ipo karibu na bomba la maji. Jana kwenye mmoja nimeona jani lenye vidoa vya njano, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, vitatu.

#41 DaktariWaMimea

Umegeuza jani? Chini kuna unga?

#42 MamaKihamba

Hakuna unga. Njano tu, na katikati pamekauka kidogo.

#43 DaktariWaMimea

Inaweza kuwa mti umepigana, umeua sehemu yake ndogo ili kuvu kikose chakula. Mti wenye kinga huacha alama hivyo. Inaweza pia kuwa ndiyo kwanza kinaanza. Usilichume hilo jani. Liwekee alama, uligeuze tena baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hujapiga kitu chochote.

#44 BabuWaKaragwe

Na utuambie, mama. Likiota unga, wapelekee wa Lyamungu jani lenyewe, likiwa kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki.

#45 MamaKihamba

Nimelifunga uzi mwekundu wa kufumia. Mwanangu ameandika tarehe kwenye daftari.